1496

Ilgvars, uliniachia waya mmoja.
Mmoja tu, wa kijani, umechakaa shingoni
pale unapoingia nyuma ya seva;
na funguo mbili, na kikombe chenye utando wa kahawa,
na ndani ya mlango wa kabati la chuma, kwa penseli,
tarakimu nne.
Nilidhani ni mwaka. Kisha nikadhani ni deni.

Zahanati nzima inapita humo:
stakabadhi za Vizma wa mapokezi,
picha za mifupa kutoka chumba chenye kuta za risasi,
simu za wagonjwa wanaotazama magongo
huku plasta ikikauka.
Wote ndani ya waya mmoja. Mmoja akikohoa,
wengine wanapangusa uso.

Mkurugenzi akasema: watenganishe, lakini pesa ya waya mwingine hakuna.
Basi kuta za maneno.

Nilikuwa nyumbani, soksi za sufu, Februari,
Liepāja imelala na theluji imefunika reli za tramu.
Nikaingia sevani kwa mbali, nikaanza kuumba.
Kumi, mzazi wako em0.
Ishirini, mzazi wako em0.
Thelathini, wewe pia, na usiulize maswali.
Mitandao pepe mitatu, tumbo moja,
kila mmoja na anwani yake,
wasijuane hata wakikanyagana mlangoni.
Kila pakiti itokayo naibandika lebo ya baiti nne:
mimi ni wa fulani.
Ng'ambo swichi inasoma, inabandua, inafikisha.

Nilijiona fundi.
Nikamvua mzazi anwani yake ya zamani,
ile ile niliyoingilia.
Kishale kikaganda.
Nikabonyeza, nikabonyeza tena, kama mtu anayempigia hodi marehemu.
Nilikuwa nimelikata tawi, na mkaaji wa tawi ni mimi.

Saa tisa usiku nikavuka daraja la mfereji kwa miguu.
Arvis wa ulinzi akafungua, taulo begani:
"Moto?"
"Hapana. Ujinga."
Akanipa chai, hakuuliza zaidi.

Alfajiri mambo yalikaa sawa, au yalijifanya.
Nikaigonga kumi, ikaitika. Ishirini, ikaitika.
Vizma akachapa risiti ya kwanza, akanipungia mkono kupitia kioo.
Halafu akaja bibi mmoja aliyeteleza sokoni,
kifundo kimevimba kama mkate,
na Daktari Reinholds akaketi kuisubiri picha.
Ukatokea mstari mmoja mweusi juu kabisa.
Akasubiri.
Mstari ule ule.
Hodi inapita, mgeni hapiti.

Nilichungulia kila faili. Nikalaumu kebo, nikalaumu mashine,
nikailaumu baridi, na wewe nikakulaumu kwa jina la ukoo.
Kisha, nikifunga kabati kwa hasira,
penseli yako ikanitazama usawa wa macho.

Kile kijiswichi cha darini, kikuukuu, kinachovuma kama nyuki,
mlango wake ni baiti elfu moja na mia tano, hauzidi hata unyweleo.
Pakiti nyembamba hupenya na lebo yake.
Iliyoshiba, ukiibandika nne, inakwama,
na kijiswichi hakisemi kitu. Kinaitupa tu.
Elfu moja na mia tano, toa nne.
Nilihesabu kwa vidole, kama mtoto.

Amri yenyewe ni fupi:
mtu 1496.
Nikampunguza huyo mtu, mara tatu, katika faili tatu,
na kifundo cha bibi kikaanza kushuka kwenye kioo,
mstari kwa mstari,
hadi ufa ukaonekana, mwembamba,
pale Reinholds alipokuwa ameshaweka kidole.

Kumbe ulishafika hapa, Ilgvars.
Ulijenga kuta hizi hizi, usiku wako mwenyewe,
ukakwama kwenye baiti nne, ukapata jibu,
na bado ukawarudisha wote kwenye nguo moja.
Kwa nini? Nani alikuzuia?
Ungeongeza neno moja tu kando ya namba.

Nimeichukua penseli. Nimesimama mbele ya mlango wa chuma
na sijui niandike nini.