Daftari la Gharama, Tandale

Mimi si fundi. Mimi ni mshika daftari,
mwenye kalamu mbili, nyeusi na nyekundu,
na nyekundu ndiyo huisha upesi.

Pumba: bure.
Mashineni wanatushukuru tukizizoa,
pumba za mchele wa Kyela na Ifakara, magunia arobaini.
Ila mkokoteni haujui neno bure:
elfu sita, na Mwinjuma hapunguzi hata umlilie.

Kuni: hakuna. Pumba hujichoma zenyewe
usiku kucha, chini kwa chini, kama kinyongo cha mke mwenza.
Asubuhi tunakuta jivu jeupe,
laini kuliko poda ya mtoto.

Nyamizi hulitia soda kali, akalichemsha, akalichuja,
kisha asidi, tone kwa tone, akihesabu kwa Kinyamwezi
mpaka maji yashikwe na bumbuwazi,
yasimame, yatetemeke, yawe jeli.
“Hii,” asema, “ni nyumba ya hewa.
Tukiyatoa maji bila kubomoa kuta
tutabaki na kitu chepesi kama ahadi ya mdeni,
na jua litapiga hodi juu yake, lisifunguliwe.”

Hapo sasa ndipo penye kalamu nyekundu.
Wenzetu huko hukausha kwa mtungi wa mgandamizo,
chuma nene, geji na vali. Niliandika barua, bei ikarudi.
Nikazihesabu sifuri zake kwa kidole, mara tatu,
nikafunga daftari, nikaenda kunywa maji.

Tukakausha kwa jiko: vigae vikapasuka.
Kwa feni: vikapasuka, na LUKU ikaisha.
Kivulini, wiki tatu: vikasinyaa kama dagaa.
Ukurasa wa kumi na tisa ukawa mwekundu wote,
kama ukuta uliopigwa alama ya X na watu wa barabara.

Februari. Saa nane mchana.
Bati la karakana linalia ta, ta, likitanuka.
Nyamizi apanda ngazi na kipimajoto,
ashuka, hasemi kitu.
Apanda tena na trei ya vigae vilivyooshwa kwa spiriti,
kifuniko chake kina tundu moja, la sindano,
avisukuma chini ya bati, pale panapotuuma utosini.
“Huyu anayetutesa,” asema, “tumpe kazi.”

Siku sita.
Vigae kumi na viwili. Saba, nyufa.
Vitano vizima, rangi ya moshi wa ubani.
Kimoja niliwekewa kiganjani
nikabaki nimekinga mkono, nikidhani sijapewa.

Niliandika: Joto la bati, sifuri.
Kwa kalamu nyeusi. Nikapiga mstari, nikaupiga tena.

Usinipongeze. Mita moja ya mraba
bado ni bei ya mifuko mitatu ya saruji,
na spiriti hupungua robo kila mzunguko;
naandika “imenywewa na hewa”
huku jicho langu liko kwa mlinzi.
Mama Zamda wa chumba cha nne huuliza bei kila Ijumaa.
Namwambia kweli. Hucheka:
“Basi nisubiri kaburini, huko kuna baridi ya bure.”

Vile saba vyenye nyufa hatukuvitupa.
Tulivisaga, tukavishindilia kwenye viroba vya sembe,
Mama Zamda akavishona kwa mkono wake,
tukavipigilia chini ya bati lake, upande wa kitanda cha mjukuu,
upande mmoja tu, ndipo vilipokomea.

Viroba: mia nne. Misumari: mia tano. Uzi: wa kwake.
Jana usiku mtoto hakuamka
kuomba kanga ilowekwe maji.

Nimetafuta pa kuliandika hilo.
Daftari hili lina safu ya mali, ya usafiri, ya hasara;
usingizi hauna safu.
Nimeuweka pembeni, kwa penseli,
karibu na deni la Mwinjuma.