Kavu kwa Kavu

Nyonga ya Simai Vuai ilivunjika kwenye mawe ya uwanda.
Mwanawe wa Fuoni akaja na gari, akapakia kitanda,
redio, mikuki miwili isiyo na wa kuirusha tena,
na mbwa akasalia, amefungwa kwenye mdimu wangu
kwa kamba iliyokatwa kwenye wavu wa kuwindia.
"Siku mbili tatu tu, fundi."
Leo ya tisa.

Jina lake Watanichoka.
Wasasi wa huku kwetu Kitogani
humpa mbwa jina la kumrushia jirani.
Nani alikusudiwa sijui,
ila kila nikimwita
Bi Mtumwa wa ukuta wa pili hukohoa.

Mimi fundi cherehani. Kazi yangu kupima.
Mtu akija na kitambaa namtazama mabega,
najua kabla ya futi: hii itamkaa, hii haitamkaa.
Basi nikampima mbwa toka mlangoni, kwa macho:
kifua cha kupasulia miiba,
mbavu kama marinda,
sikio la kushoto lililochanwa na nguruwe
likaachwa vivyo hivyo, bila pindo.
Hachezi. Mpira wa Ikram ulimpita puani,
akautazama kama mzee aliyepewa peremende.
Kuku akikatiza, ngozi ya mgongo inamtembea.
Huyu atatukaa?

Mke wangu Mize ana hesabu zake:
nyumba yenye mbwa malaika huikwepa;
chombo alichokilamba kioshwe mara saba, moja kwa udongo,
na maji ya mara saba nani atateka, wewe?
Na mdomo uliozoea koo la nguruwe
unautaka karibu na mtoto?
Sikujibu. Nilikuwa na pini mdomoni.

Baada ya alasiri nikamwendea Maalim Foum.
Wa kuwindia, akasema, ruhusa.
Wa kulinda mifugo, ruhusa. Wa konde, ruhusa.
Na wa kumtazama tu?
Akanitazama mimi.
"Kwani huyo wako anafanya kazi gani?"
Anakaa, nikasema.

Siwindi. Magoti yangu ni ya kukanyagia cherehani.
Mbuzi sina. Kuku ni wa Mize,
nao ndio wa kulindwa naye.

Jumapili, alfajiri, pembe ikalia upande wa Muungoni.
Wasasi wanaitana.
Akasimama, kamba ikakaza kama uzi uliokwama kwenye sindano.
Hakubweka. Alitetemeka tu, kuanzia kwato,
hapana, mbwa hana kwato, usingizi huo,
kuanzia kucha mpaka ncha ya mkia,
kisha, na hili sikuwa nimelipima,
akageuza kichwa kwangu
kuuliza kama na mimi nimesikia.

Nikatoka.
Alikuwa amelala chini ya bati nililomwegemezea, mgongo mkavu.
Mkono wangu mkavu.
Kavu kwa kavu haina neno.
Nikamwekea kiganja: joto la pasi ya mkaa
iliyoondolewa nguoni sasa hivi.
Akaleta pua. Pua ya mbwa haijasoma fikihi:
mbichi, baridi, hapa, kwenye mshipa.

Nikaosha. Udongo kwanza. Mbili. Tatu. Nne.
Ya tano pembe ikalia tena, nikapotea hesabu,
nikaanza upya,
wala sikuudhika.

Jumatatu nalima nyuma ya nyumba,
palipokuwa na majani na vigae vya chupa.
Matuta matatu, ya muhogo.
Mize kasimama na ufagio:
Muhogo wa nini, na sokoni umejaa?
Nguruwe watakuja kuula, nasema.
"Kwa hiyo unawapandia nguruwe?"
Nachomeka kijiti cha mwisho.
Watanichoka ananitazama mikono.
Ndiyo maana, nasema, konde halikosi mlinzi.

Anatazama matuta. Anamtazama mbwa.
Anaingia ndani, ananyamaza sana,
anatoka na kopo la rangi lililokwisha,
analiweka chini, mbali kidogo na mdimu.
"Hili lake. Nisilione jikoni."