Paa la Dakika Kumi

Mlango umebaki. Ukuta wake haupo.
Ungeweza kuuzunguka kwa hatua tatu,
ukakanyaga nyasi, ukaingia;
lakini saa sita na nusu, London inapofungua ofisi zake
na kutema watu wenye njaa,
wote hupita mlangoni, mmoja mmoja,
na Bi Enid Garrity huinamisha kichwa
kama anayekwepa boriti.

Mamake alibatizwa hapa. Kisha yakaja mabomu,
usiku mmoja wa vita, na paa likashuka
kuketi kwenye viti vya waumini.
Birika la ubatizo sasa lina maji ya mvua
na shomoro anayeoga bila kuulizwa jina.

Leszek, mtunza bustani, yuko palipokuwa madhabahu.
Amepiga magoti, ila ni kwa ajili ya magugu;
kipande cha zulia kimelala chini ya goti la kushoto,
lile linalomsumbua.
Juu yake mtini umepenya dirishani,
dirisha lisilo na kioo, lisilo na mtakatifu.
“Huu sikuupanda,” ananiambia. “Ulijileta.
Mwaka wa kwanza nilitaka kuukata. Nikaahirisha.
Siku hizi mimi ndiye ninayeomba ruhusa.”

Nami nimekaa na mkate wangu wa jibini
kando ya kaburi la mtu aliyeuza mishumaa,
ndivyo jiwe lisemavyo; jina limeliwa na kuvu.
Sikuja kusali. Nimekuja kwa sababu
kule ghorofa ya tisa madirisha hayafunguki.

Kisha mvua. Si ya kutisha, ya Aprili tu.
Sote tukakimbilia chini ya mnara,
pembe pekee iliyobakiwa na paa:
kijana wa viatu vya kung'aa, kompyuta ndani ya koti,
wasichana wawili wa benki, wakicheka,
Enid, Leszek na zulia lake,
bega kwa bega, tukinuka sufu mbichi
na siki ya chipsi za mtu.
Hakuna aliyetuita. Hakuna aliyehubiri.
Maji yalisema yenyewe, kwenye majani,
na Enid akamega biskuti,
akaninyoshea nusu bila kunitazama.
Nikaipokea kwa mikono miwili.
Sijui kwa nini miwili.

“Dakika kumi,” akasema yule kijana,
akiitazama saa kama aliyeombwa ushahidi.
Mvua ilikuwa imekatika.
Leszek alikwisha kurudi kwenye magugu.