Kibati 214

Tangu saa mbili asubuhi mimi ni sauti ya chini.
"Karibu, keti, daktari atakuita."
Nawaambia wenye mashavu yaliyovimba,
waogopao sindano, waogopao bili,
sauti imekunjwa vizuri kama taulo la kliniki.

Leo Ijumaa. Tampere, Januari, nyuzi kumi na nane chini ya sifuri.
Foleni imezunguka kiwanda cha zamani cha nguo
na hata hapa tunaachiana hatua mbili mbili,
desturi yetu, kituoni, kanisani, popote,
kila mtu na mpaka wake, kama viwanja vilivyopimwa.
Pua zinachuruzika kimyakimya.

Mlangoni natoa koti, napewa kibati: 214.
Nakisukuma ndani ya soksi.
Vizibo vya masikio, rangi ya chungwa.
Nina miaka arobaini na mmoja. Goti la kushoto lina skrubu.
Najua. Usiniambie.

Taa zinakufa.

Kwanza si muziki, ni kifua.
Ngoma ya mguu inabisha hodi mbavuni
na haingoji kukaribishwa.
Gitaa wamelilegeza nyuzi hata linanguruma
kama lori la magogo likipanda kilima kwa gia ya kwanza,
na Sampsa, mtoto wa fundi bomba wa Ylöjärvi,
mwembamba, shingo yote mishipa,
anafungua kinywa na kutoa kitu ambacho bado si neno:
mlango wa chuma unaburutwa sakafuni,
halafu, nyuma ya mlango, maneno.
Nayajua yote. Ni ya nyumba ya mama yake iliyopigwa mnada,
ya kalenda iliyoachwa ukutani, Machi haijafunuliwa.
Tunayapigia mayowe pamoja, watu mia saba
ambao wiki nzima hatukuinua sauti hata kumwita mbwa.

Ngoma ikilia sana hupasuka, walisema.
Sisi tumelipa yuro ishirini na saba ili ipasuke.

Kisha Sampsa anatanua mikono, nasi tunagawanyika,
kushoto, kulia, na katikati sakafu tupu
inang'aa kwa bia iliyomwagika.
Uzi mmoja wa gitaa unanung'unika.
Ng'ambo, mstari wa mbele: ndevu, fulana isiyo na mikono.
Bwana Karppinen!
Jino la sita, chini kulia,
aliyezimia Oktoba sindano ikiwa bado kwenye pakiti.
Naye kaniona. Macho yamemtoka.

Mdundo ukaanguka.

Tukakimbiliana.
Bega la nani, kiwiko cha nani, sijui,
nywele za mtu kinywani mwangu, chumvi,
goti likasema neno lake, sikulisikia,
na mwili wangu, ambao mchana huombwa usimguse mtu,
ukawa tone katika kitu kinachochemka.
Karppinen akaenda chini.
Hapo hapo duara likafunguka, mikono sita, minane,
ikamshika makwapani ikamrudisha wima
kabla hajajua kuwa ameanguka.
Kiatu kikapita juu ya vichwa, mkono hadi mkono,
kikitafuta mguu wake.
Damu mdomoni, anacheka.
"Jino lipo?" nikapiga kelele.
Akalitafuta kwa ulimi. "Lipo!"

Kibati hakikuwepo sokisini.
Nikangoja hadi koti la mwisho, lililobaki ndilo langu.
Nje, mvuke ulitutoka vichwani kama vyungu vilivyofunuliwa.
Kituo cha tramu: yeye pale, mimi hapa, hatua mbili.
Tukatazama reli.

Jumatatu saa nne akaja.
"Karibu, keti" ikanitoka kama kokoto ndani ya ndoo,
daktari akachungulia mlangoni.
Karppinen akaweka kitu kaunta, taratibu:
214.
"Kilikuwa ndani ya kiatu changu," akanong'ona.
Kisha, akiwa amesimama bado, uso umempauka:
"Hivi, sindano ni lazima?"