Maza

Kamusi inasema ubao mama.
Mafundi wa Majengo wanasema mazabodi,
na wakishakuzoea, maza tu.

Nilikwenda kwa Chedego, duka la mlango mmoja
lililobanwa kati ya muuza karanga na wakala wa pesa,
mfukoni laki mbili na thelathini,
nauli nimeitenga kwenye soksi.
Akanishushia kwanza yenye taa za rangi zote.
"Hii vijana wanaigombania."
Nikaigeuza kama mnunuzi wa mbuzi mnadani:
meno kwanza, kisha kwato, pembe baadaye.
Nikamulika pini za soketi kwa tochi ya simu,
moja ilikuwa imelala.
Nikairudisha.

    Sikutafuta mataa,
    wala sanduku kung'aa,
    nilipima yake njaa
    na chuma cha kupozea.

Ya pili ilikuwa ya kijivu, vumbi hadi kwenye nafasi za ramu,
imetoka katika ofisi fulani iliyobadilisha samani.
Haikuwa na sanduku wala karatasi.
Lakini kapasita zake zilikuwa bapa, hakuna iliyovimba kichwa,
na umeme ungeingia kwa njia kumi, si nne,
kila njia na mzigo wake mdogo.
Tena haikufungwa kiwandani.
Ziko bodi utazibembeleza mwaka mzima
zisiongeze hata hatua moja.
Hii ukiiomba, inasikiliza.

Mimi nachora nyumba za watu.
Bwana Mwaluko ana kiwanja Iyumbu
na anataka kuona bwawa la kuogelea
pale ambapo leo pana miiba na mbuzi wawili wa jirani.
Picha yake moja hula saa sita.
Umeme wa mtaa wetu, Nkuhungu, wiki hizi,
haujawahi kufikisha tano.
Basi hesabu ndiyo hiyo,
wala sikuwa nashindana na mtu.

Nikangoja Julai.
Wageni wanaijua Dodoma ya jua na vumbi,
hawaijui saa tisa ya usiku wa Julai,
upepo unapomfanya mlinzi avae blanketi kama joho.
Feni ya bure.
Nikafungua dirisha, nikatandaza kipande cha chandarua
vumbi libaki nje, baridi iingie.

Arobaini. Ikaenda.
Arobaini na mbili. Ikaenda.
Chedego ana mashine yenye kichwa kama hiki hiki,
yake hufika arobaini na sita bila kukohoa.
Tumbo moja, watoto mbalimbali.
Yangu kwenye arobaini na nne iliganda,
mshale katikati ya skrini kama inzi kwenye asali.
Nikaongeza volti, chembe tu.
Giza.
Nikachomoa ile betri ya duara, ndogo kama kifungo cha koti,
nikahesabu hadi thelathini,
nikairudisha, na maza akaamka
hakumbuki nilichomtenda.

Chumba cha pili mama yangu,
aliyekuja kutoka Handali kutibiwa goti, akajigeuza.
"Unamchapa nini huyo punda usiku?"
"Nampandisha kilima kidogo, mama."
"Ana maji?"
"Ana upepo."
Kimya kirefu. Kitanda kikalia.
"Upepo haunyweki."

Nikashuka hadi arobaini na tatu.
Nyuzi sabini na moja, haipandi, haishuki.
Nikamwachia nyumba ya Bwana Mwaluko,
nikakaa na shuka mabegani, nikisikiliza feni
kama mtu anayesikiliza pumzi ya mtoto mwenye homa.

Saa mbili na dakika kumi asubuhi, bwawa likajaa.
Saa mbili na nusu umeme ukakatika,
picha imeshalala kwenye flashi.
Sikumwambia mtu. Ningemwambia nani?
Mama alikuwa anapembua mchele.

Saa nne simu ikaita.
"Nzuri sana, fundi. Nzuri mno.
Ila paa. Mke wangu anasema liwe la bluu."

Nikaweka kiganja juu ya kasha, bado lina uvuguvugu.
Nikafunga dirisha, vumbi lilikuwa limeshaamka.
Bluu itangoja usiku.