Hesabu ya Kinyozi

Jumanne na Ijumaa napanda ngazi za hospitali
na mashine yangu, mkasi, shuka la maua,
na ufagio wangu mwenyewe, maana ule wao umebaki mpini.
Gyumri imeganda. Mawe meusi ya mji huu
yanashika baridi kama mtu anavyoshika kinyongo.

Mimi Satenik, binti wa fundi viatu,
nawanyoa watu kabla dawa hazijawanyoa.
Ndivyo wapendavyo: ziondoke kwa mkono wa mtu,
wasije wakazikuta juu ya mto asubuhi
kama barua usiyotaka kuifungua.

Leo aliketi Arusyak, mwalimu wa hesabu,
miaka thelathini na minne ya chaki chini ya kucha.
Hakulia. Alikaza macho dirishani, kwenye theluji,
kisha akaniuliza, sauti ileile ya darasani:
"Satenik, wewe ni mtu wa kanisa. Nijibu.
Imeandikwa nywele za kichwa changu zimehesabiwa zote.
Haya. Na hizi unazoziangusha,
Yeye aliyezihesabu, anatoa?
Au daftari lake bado lina jumla ya zamani?"

Mashine ilivuma mkononi mwangu bila kazi.
Nilitafuta jibu la padri, sikulipata.
Nikasema, "Inamisha kichwa kidogo, mwalimu,
nipitie nyuma ya sikio."

Nyuma ya sikio palikuwa na kovu, jembamba kama uzi.
"Na hili?"
"Mbuzi wa bibi. Nilikuwa na miaka mitano.
Hakuna aliye hai anayelijua."
Akanyamaza. Nami nikanyamaza.
Neno lilikwisha kutoka, halirudishiki.
Hakuna aliye hai.

Basi nikamwambia nisichowahi kumwambia mtu:
kwamba Desemba ile ardhi ilipojikung'uta,
kaka yangu Hrayr alikuwa shuleni, dawati la pili.
Orodha ya waliofukuliwa ilibandikwa ukutani;
mama aliisoma kwa kidole,
kisha akaisoma tena kutoka chini kwenda juu.
Jina halikuwapo, si kwa wazima, si kwa wafu.
Alichobakiwa nacho ni kisanduku cha kiberiti,
ndani yake kishungi cha nywele za kwanza,
zilizokatwa siku Hrayr alipotimiza mwaka.
Alikuwa akikifungua jikoni, hasemi kitu,
anakifunga, anaendelea kumenya viazi.
Siku moja nilimuuliza anaomba nini.
"Siombi," akasema. "Namwonyesha tu.
Namwambia: hizi ninazo mimi.
Zilizobaki unazo Wewe."

Mwalimu alipitisha kiganja utosini,
polepole, kama mtu anayefuta ubao
akakuta chini ya vumbi hesabu ya jana.
"Kwa hiyo hatoi."
"Sijui, mwalimu. Mimi nafagia tu."
Akacheka. Alicheka mpaka muuguzi akachungulia mlangoni,
na shuka la maua likamtetemeka mabegani.

Jioni nilizikusanya kwenye gazeti:
za kijivu, zake; nyeusi za kijana aliyetoka Artik;
nyekundu za hina, za yule mama muuza jibini
aliyenishika mkono muda wote asinitazame.
Zimechanganyika. Siwezi tena kusema ipi ni ya nani.
Nilisimama mbele ya pipa kupita kawaida yangu,
vidole vimekufa ganzi, basi la mwisho linaondoka.

Ewe usiyechanganya,
ulilijua kovu la mbuzi kabla ya mashine yangu,
ulilijua dawati la pili,
na kile mama alichokisema kwa kutosema.
Nami unanijua, na ufagio wangu, na hasira zangu,
maana hasira ninazo; ningezifichia wapi?
Wanaosema unampenda kila mtu huniacha na baridi,
kwa sababu kila mtu hana kovu nyuma ya sikio.
Arusyak analo.

Sikuombi unifunulie daftari.
Nimeinamisha kichwa.
Pitia nyuma ya sikio.