Asumini wa Mtongwe

Jana usiku zizini
ng'ombe wangu Asumini
alijifungua chini
ndama jike, na mzima.

Nikamfuta kamasi
kwa kanga yangu nyepesi;
sikuwa na wasiwasi,
taa yangu nikazima.

Asubuhi hainuki,
nyasi na maji hataki,
ukimwita, hashituki,
sikio baridi, chuma.

Kakilaza ubavuni
kichwa, kama wa ndotoni;
ndama yuko kiweleni,
avuta na kusukuma.

Majirani wakajaa:
huyu asema ni njaa,
yule, hasadi, balaa.
Akaja Kombo wa nyama.

Kisu ndani ya gazeti,
hakuketi kwenye kiti;
asema, "Bibi, wakati
huu bado anahema.

"Akifa, huwa haramu,
na shimo lake ni gumu.
Nikitoa sasa damu
nakupa nusu ya kima."

Sikuwa na la kujibu;
ni maneno ya hesabu,
deni la pumba karibu
linifikishe kuhama.

Simu nikampigia
Mbeyu wa chanjo. "Tulia,"
asema. "Hebu nambia,
sikio baridi, mama?

"Ni maziwa, si uchawi;
kwa kamba hanyanyuliwi;
dakika hazingojewi:
chupa mbili, na mapema.

"Mifupa ameigawa
yote ndani ya maziwa,
mwenyewe hakubakiwa
na nguvu ya kusimama."

Duka liko kisiwani;
Mejumaa yu ferini,
shati la shule mwilini,
feri moja imezima.

Saa mbili. Saa tatu.
Wakapungua na watu.
Kombo kavua viatu,
kamwegemeza, kahema.

"Akilala kwa ubavu,"
asema, sauti kavu,
"pumzi haina nguvu,
na mimi nataka nyama."

Saa nne wakafika
Mbeyu na binti, haraka;
mshipa ukasikika
shingoni, damu yavuma.

"Nani atashika chupa,
ainue juu hapa?"
Mimi mkono, naapa,
ulikuwa watetema.

Mkono wa kuchinjia
ndio ulioshikia
chupa; nayo ikalia
mapovu, kama kusema.

Kisu kilibaki chini,
gazeti lake majini,
jicho la Kombo chupani
kama mwenye kuisoma.

Akacheua kidogo,
akasaga kwa magego,
kisha kinyesi, mzigo!
Mbeyu kasema, "Salama."

Magoti, kisha matako,
akayumba huku, huko.
Kombo: "Bibi, ng'ombe wako
kakataa kuwa nyama."

Kisu akakipangusa,
wala pesa hakugusa;
mkono aupapasa,
ungali umesimama.